Milima ya Masisi si ya bunduki wala ya senyenge: jibu kwa wanaotulaumu sababu ya farasi

Tangu vakansi kubwa iishe ninaulizwa swali moja tu, kila mtu kwa ukali wake: mulienda kufanya nini milimani na farasi? Mwenzangu mmoja wa kazi alisema mbele ya watu kwamba mwandishi wa habari anayepanda farasi Masisi amesahau kazi yake. Kijana mmoja wa shirika la raia, mtu ninayemuheshimu, alisema tumeiga wazungu. Na mama mdogo wangu, aliyekimbia kijiji chake karibu na Kitchanga mwaka 2013 na anayeishi mpaka leo hapa Ndosho, alisema neno lililoniuma kuliko yote: "Kule mahali mimi siwezi kurudi, weye ulienda kutembea."

Nimenyamaza wiki mbili. Leo najibu. Sitaomba msamaha kwa kupanda farasi. Kuna jambo lingine moja ambalo naliombea msamaha, nalo nitalisema mahali pake.

Kwanza habari yenyewe, maana imeongezwa chumvi nyingi. Kati ya mwanzo wa Julai na mwisho wa Agosti 2019, watu sita tulipanda mara nne kwenye milima ya Masisi: muuguzi, mwalimu wa sekondari, motari, dada wawili wenye duka dogo la simu, na mimi. Tulitoka Goma Ijumaa mchana, tukarudi Jumapili kabla ya giza. Hakuna shirika lililotulipia. Upande wa Mushaki kuna shamba la ng'ombe lenye farasi wanne, na mwenye shamba alikubali kutukodisha kwa dola 10 kwa farasi kwa siku. Sisi sita, farasi wanne: wawili walitembea kwa miguu, kisha tukabadilishana. Usiku tulilala kwa wachungaji, tukala viazi na maharagi, na ile fromaji ya mviringo ambayo huku Goma tunaikata kila siku bila kujua imetoka kwenye majani ya mlima gani. Mara mbili tuliahirisha safari kwa sababu wachungaji walitupigia simu na kusema njia haiko nzuri. Hatukuwa wendawazimu.

Sasa nianze na lile la kuiga wazungu. Ni kweli, farasi hakuzaliwa Masisi. Katika sehemu kubwa ya Kongo farasi hawezi kuishi, kwa sababu mbung'o humletea ugonjwa na kumuua. Lakini kule juu, ambako mlima unapita mita 2 000 na asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe, mbung'o hakuna. Ndiyo sababu ng'ombe wanastawi kule, na farasi pia. Walioleta farasi ni walowezi, kama walivyoleta mikaratusi na kama watu wengine walivyotuletea pikipiki. Hakuna anayemwambia motari kwamba ameiga. Na sisi wenyewe tulitengeneza chukudu, farasi wetu wa mbao, anayeteremka milima ileile na magunia ya viazi na makaa mpaka Goma. Tumemjengea sanamu mjini. Sijasikia mtu akisema kwamba kupanda chukudu ni dharau. Mtu akibebwa na kitu mlimani kwa kazi, tunamsifu. Akibebwa kwa furaha, tunamtukana. Hapo ndipo tatizo lilipo, na halitoki kwa farasi.

Tazameni jambo lingine. Mwezi wa tano mwaka 2018 hifadhi ya Virunga ilifunga utalii baada ya mlinzi mmoja kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa. Ilipofungua tena Februari 2019, sote tulishangilia. Mimi mwenyewe nilisoma habari hiyo hewani kwa sauti ya furaha. Mwaka 2019 mgeni alilipa dola 300 kupanda Nyiragongo, akapiga picha, akala, akacheka, akarudi kwao. Hakuna anayemuuliza kama anajua kwamba watu wako katika kambi. Tunasema: maendeleo yamekuja. Lakini muuguzi wa Katindo, aliyefanya kazi mwaka mzima na mishahara miwili haijalipwa, akipanda mlima wa nchi yake siku mbili, tunamwambia hana huruma. Kwa nini milima hii iwe ya furaha kwa aliyetoka London, na iwe ya machozi tu kwa aliyezaliwa Goma?

Mwenzangu wa kazi anasema nimesahau kazi. Basi nimueleze kazi yangu, maana ni yake pia. Nimekwenda Masisi kikazi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nilikwenda nyuma ya maiti. Nafika, nauliza: wamekufa wangapi, nyumba ngapi zimechomwa, watu wamekimbilia wapi. Narudi kabla ya saa kumi. Katika daftari langu kila kijiji kina jina na kando ya jina kuna namba. Kuna vilima ambavyo nimevitaja redioni mara kumi na sikujua kama vina maji, kama vina shule, kama watu wake wanalima viazi ao njegere. Msikilizaji wa Bukavu ao wa Lubumbashi ameijua Masisi kwa sauti yangu, na sauti yangu haikuwahi kumpa kitu kingine isipokuwa vifo. Nani atatetea mahali anapopajua kwa vifo tu? Mtu husema: kule ni vita, waachieni wenyewe. Na wenye bunduki husema: asante.

Juu ya farasi niliona mambo ambayo gari halikunionyesha. Kijana aliyetuongoza, mchungaji wa miaka kama kumi na saba, alitufundisha siku ya kwanza. Ukifunga mkanda wa tumboni, farasi mjanja anajaza pumzi. Subiri, mzungushe kidogo, kisha kaza tena, la sivyo tandiko litateleza na wewe utakuwa chini ya tumbo lake. Ukipanda mlima, inama mbele, shika nywele za shingo, mwachie hatamu. Ukiteremka, egemea nyuma na usimvute, maana ukimvuta kichwa haoni tena mahali pa kuweka kwato. Motari wetu, aliyezoea kuamuru kila kitu kwa mkono wa kuume, alianguka mara mbili kabla ya kukubali kwamba mnyama anaijua njia kuliko yeye.

Unakwenda polepole, na uko juu. Unaona ng'ambo ya kila uzio. Watu wanakusalimia, unasimama, unajibu. Hawakimbii kama wanavyokimbia wakisikia gari. Mzee mmoja alituonyesha mahali ambapo soko lilikuwa zamani. Watoto walitufuata kilima kizima wakiuliza kama farasi anatoa maziwa. Mama mmoja aliniambia bei anayopewa kwa maziwa yake na bei yanayouzwa Goma, na hiyo sasa ni ripoti ambayo mtaisikia redioni mwezi ujao. Usiku, upande wa mashariki, mdomo wa Nyiragongo ulikuwa mwekundu. Sisi wa Goma tunauogopa mlima huo, tuliuona ukitushukia mwaka 2002. Wachungaji waliutumia kama taa. Mwandishi aliyesahau kazi ni yupi: yule aliyejua hayo, ao yule anayesoma namba na kufunga mikrofoni?

Ninajua mutaniambia: lakini wakati huu? Ebola ilifika Goma tarehe 14 Julai 2019, kwenye mlango wa mji tulikuwa tunanawa mikono na kupimwa joto, na wewe unasema farasi. Ndiyo, tulinawa na kupimwa kama watu wote. Lakini nimeishi miaka zaidi ya thelathini katika Kivu, na sikumbuki mwaka mmoja ambao mtu angeweza kusema: sasa ndio wakati wa kufurahi. Tukingoja mwaka huo, tutazeeka tukingoja. Na wale tunaosema tunawalilia hawangoji. Nimeingia kambi ya Mungote, Kitchanga, nikakuta wanaozesha. Nimekuta vijana wanacheza mpira wa majani ya migomba, na mashabiki wakigombana kama wako uwanjani. Wao hawakujikataza furaha. Sisi wa mjini ndio tunaikataza kwa niaba yao, kisha Jumamosi jioni tunakunywa bia, maana bia haionekani kwenye picha za milimani.

Basi sasa niseme yale tuliyoyakuta kule, kwa maana wanaotulaumu wanalaumu kitu kidogo na wanaacha kikubwa.

Siku ya kwanza tulikuta kamba. Mnazijua bariere zetu: kamba imefungwa kwenye mti upande huu, mtu ameishika upande ule. Wengine wana sare, wengine hawana. Mwenye kamba aliwaangalia farasi muda mrefu. Bei ya pikipiki anaijua. Bei ya ng'ombe anayekwenda sokoni anaijua. Akamuuliza mwenzake: "Sasa hii tuihesabie kama moto ao kama ng'ombe?" Tulicheka sote, hata yeye. Mwishowe wakachagua moto, kwa sababu inabeba mtu. Franka 1 000 kwa kila farasi, na risiti hakuna. Nyuma yetu alikuwa mama mmoja na kikapu cha viazi mgongoni. Alitoa franka 200 bila kuuliza na bila kucheka, akapita. Yeye anapita pale kwenda na kurudi, kila siku ya soko.

Mwaka 2017 watafiti walihesabu bariere karibu 800 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Mwaka 2019 kulikuwa na sehemu za Masisi ambako kila mtu mzima alilipa jetoni ya franka 1 000 kwa mwezi kwa wenye silaha, ili tu aruhusiwe kulima na kutembea. Hilo silo tulilogundua sisi, kila mtu analijua. Lakini nilipokuwa napita na gari la kazi lenye bendera, kamba ilishushwa kabla sijafika. Ilinibidi kukaa juu ya farasi ili niulizwe pesa kama raia. Mnaosema farasi ni dharau kwa raia, mumewahi kusema neno moja juu ya kamba ile?

Na sasa lile la kuomba msamaha. Katika safari ya tatu, mti ulikuwa umeanguka njiani bondeni. Tulikuwa tumechoka, giza linakaribia. Tukakata ndani ya shamba la kabichi, farasi wanne, kwato kumi na sita, kwenda mpaka ng'ambo. Mwenye shamba hakuwepo. Kijana wetu alisema, "Muachane nayo, huyo mama anakodi udongo tu." Tukaachana nayo. Sita tulikuwa, tumesoma, na hakuna hata mmoja aliyeshuka.

Tulirudi safari ya nne tukamtafuta. Alikuwa amehesabu: kabichi 23. Tulilipa, tukaomba radhi. Alizipokea pesa akazihesabu mbele yetu, sawasawa na alivyohesabu kabichi. Kisha akatueleza mambo yake. Udongo ule si wake. Analipa kwa salongo, yaani siku kadhaa kila wiki anamlimia mwenye shamba kubwa bure, ili aachiwe kipande cha bondeni. Kabichi 23 alizilipia kwa mgongo wake kabla hazijaota. Nikamuuliza tupite wapi safari nyingine. Akasema: "Njia ya zamani ilikuwa pale juu, inapita kwenye chemchemi. Waliifunga."

Tulipanda kuangalia. Ni kweli. Senyenge nne, nguzo mpya, na nyuma yake njia inaonekana bado, imechimbwa na miguu ya watu wa miaka mingi. Ng'ombe wanakunywa kwenye chemchemi. Mama yule na majirani zake wanazunguka kilima, karibu saa moja, na bidoni kichwani. Hakuna vita pale. Hakuna aliyepiga risasi. Mtu alinunua senyenge tu.

Wandugu, hii haikuanza jana. Tangu mwaka 1928 Comité National du Kivu iligawa ardhi ya milima hii kwa walowezi bila kuwauliza waliokuwa wakiilima. Walowezi walipoondoka, baada ya mwaka 1973 mashamba yalikwenda kwa waliokuwa karibu na wakubwa wa nchi. Mwaka uleule sheria ilisema udongo wote ni mali ya Serikali, na mwenye shamba anapewa haki ya kuutumia. Haki ya kutumia malisho, sawa. Lakini nani alimpa mtu haki ya kuifunga njia ya chemchemi?

Nilimueleza mama mdogo habari ya senyenge ile. Sikumueleza ili anisamehe, nilimueleza kwa sababu aliuliza tulipita wapi. Hakusema kitu juu ya farasi tena. Alisema: "Kama wanafunga njia kule kwenye kuna amani kidogo, kwetu itakuwa namna gani?" Kwao sikufika. Siwezi kumwambia kama njia ya kijiji chake iko. Hakuna mtu ninayemjua aliyepita pale tangu 2013 isipokuwa wenye silaha, na hao hawaleti habari za njia.

Hilo ndilo jibu langu kwa wote watatu. Mlima ambao watu wake hawautembei una wenyewe wawili tu: mwenye bunduki, na mwenye senyenge. Wa kwanza anawafukuza watu, wa pili anafunga nyuma yao, na wote wawili wanahitaji kitu kimoja, kwamba sisi tubaki mjini tukihuzunika. Siku watu wa Kitchanga watakaporudi makwao, watahitaji mashahidi wa kusema: hapa palikuwa na njia, tuliipita, tunaijua. Mashahidi hawapatikani kwa kukaa Ndosho wala kwa kukaa studioni. Wanapatikana kwa kutembea, kwa mguu, kwa chukudu, kwa farasi, kwa kazi ao kwa furaha. Mtu anayependa mahali hurudi. Anayepaogopa tu, siku moja ataambiwa pamefungwa na hatabisha.

Kwa hiyo nasema wazi ninachotaka, na ninasema kwa kila mmoja.

Kwa wakuu wa jimbo na wa jeshi: toeni kamba. Msituambie kwamba hamjui ziko wapi. Mama mwenye viazi anajua, na anaweza kuwaongoza.

Kwa wenye mashamba makubwa: wekeni senyenge yenu, mlinde ng'ombe wenu, lakini njia ya maji na njia ya soko ziwe na mlango unaofunguka bila kuomba ruhusa. Na vijana wanaoongoza farasi wenu walipwe. Sisi tulilipa dola 40 kwa siku kwa farasi wanne, na yule kijana alipewa franka 2 000. Tulipojua, tulimuongezea mkononi. Isingepaswa kuwa sisi.

Kwa wanaotaka kwenda, na najua mko wengi kwa sababu mmeniuliza bei: ulizeni kwanza wenyeji kama njia iko salama, na wakisema hapana, msiende. Piteni njiani, msipite shambani. Mkiharibu, lipeni siku hiyohiyo, msingoje mara ya nne kama sisi. Msipige picha za vilima vitupu mkaandika kwamba mmefika Uswisi. Vilima vile si vitupu, na si vya Uswisi.

Na kwa wote mnaotoka milimani, popote mlipo leo, Goma, Sake ao kambini: kama kwenu kuna njia iliyofungwa, iwe ya chemchemi, ya soko, ya shule ao ya makaburi, tupigieni simu redioni. Semeni jina la kilima, njia ilitoka wapi ikaenda wapi, na tangu lini imefungwa. Tutazisoma hewani moja moja. Ya kwanza tunayo tayari.

Kutoka Goma, ni mwandishi wenu.